Kwa nini makauboi wawili barabarani wanatisha kuliko masupahiro wanaobomoa jiji zima?

#1 Silinda Sita

Wakuu salaam. Naiweka hoja mezani, anayepinga apinge kwa mifano.

Picha la kauboi la zamani linakupa hesabu kabla ya pambano. Unajua wanakuja wangapi, saa ngapi, kwa njia ipi, na steringi ana risasi sita. Chukua High Noon ya 1952. Majambazi watatu wako stesheni, wa nne anakuja na treni ya saa sita mchana, na mlinzi wa sheria yuko peke yake baada ya mji mzima kumkimbia. Filamu ina dakika 85, kisa chenyewe kinachukua karibu muda huohuo, na saa za ukutani zinaonyeshwa kila mara ili dakika zikuishie wewe pamoja naye. Wanne kwa mmoja. Unaibeba hesabu hiyo kichwani mpaka mwisho.

Halafu njoo kwenye pambano la mwisho la Avengers: Endgame (2019). Upande huu wako wangapi? Ule je? Nani anauawa na nini? Captain Marvel anaipasua meli nzima ya kivita kwa mwili wake, muda mfupi baadaye anapigwa ngumi moja anarushwa pembeni. Nguvu isiyopimika haiwezi kukutia hofu. Huo ndio ugonjwa wa masupahiro, na kompyuta inasingiziwa tu.

#2 Kijiti cha Ganda

Silinda Sita, jina lako lenyewe lina kasoro. Bastola ya kauboi, ile Colt ya 1873, ina matundu sita lakini mtu makini alijaza matano. Sindano yake imeshikamana na nyundo. Ukijaza yote sita, sindano inalalia kitako cha risasi moja, na bastola ikianguka au ikigongwa inaweza kujifyatua. Kwa hiyo nyundo ililazwa kwenye tundu tupu.

Na kujaza upya si mchezo: vuta nyundo nusu, fungua kimlango cha kulia, zungusha silinda tundu kwa tundu huku ukisukuma maganda kwa kijiti cha pembeni ya mtutu, kisha ingiza risasi moja moja. Adui ameshafika. Sasa niambie ni picha ngapi za kauboi umeona steringi akifanya kazi hiyo katikati ya vita. Nyingi anapiga risasi kumi na hajajaza. Dairekta Sergio Leone naye: The Good, the Bad and the Ugly (1966) habari yake ni ya 1862, lakini steringi wake Clint Eastwood ana Colt ya 1851 iliyogeuzwa itumie risasi za ganda, na mageuzi hayo yalienea miaka ya 1870 baada ya vita kwisha. Hesabu yenyewe ilikuwa inachakachuliwa tangu zamani.

#3 Binti Majestic

Nyongeza kwa #1: kwenye High Noon hakuwa peke yake mpaka mwisho. Mkewe, aliyeigizwa na Grace Kelly, anamuua mmoja wa wale wanne kwa kumpiga mgongoni kupitia dirishani, na anafanya hivyo akiwa muumini wa dini inayokataa silaha. Hiyo ndiyo risasi nzito kuliko zote mle, na haina uhusiano na idadi.

#4 Ngoja Waje

Nimeweka kambi hapa. Wajuzi endeleeni.

#5 Shoti ya Pili

Binti Majestic umegusa penyewe. Mimi nasema kinachotisha ni uzito, na uzito unatengenezwa.

Tazama Shane (1953). Dairekta George Stevens alibana risasi kwa muda mrefu, na ya kwanza inapolia mlio wake umekuzwa makusudi uwe mkubwa kupita kawaida. Halafu ile sini ya matope, Jack Palance anampiga mkulima mdogo Elisha Cook Jr. Mpaka wakati ule mtu wa kwenye sinema akipigwa risasi alishika tumbo akalala taratibu. Stevens alimfunga mwigizaji waya kwa nyuma, risasi ikilia watu wakamvuta ghafla. Anaruka kinyumenyume na kudondokea kwenye tope kama furushi. Bastola moja, mtu mmoja, basi. Watazamaji wa 1953 hawakuwa wamezoea kuona kifo kina nguvu ya kumsogeza mtu.

Masupahiro kila mtu anarushwa. Anapita kuta tatu, anainuka anajikung'uta vumbi. Ukishamzoesha mtazamaji kwamba kurushwa si kitu, umeshamnyima kipimo cha maumivu, na hapo kuhesabu watu hakukusaidii.

#6 Pazia la Kijani

Wakuu, wengi mnalaumu skripti. Tatizo kubwa liko kwenye mwanga, na linatokana na mpangilio wa kazi. Nieleze shoti moja ya pambano la kisasa inavyotengenezwa.

Kwanza inachorwa katuni ya majaribio ya kompyuta, mara nyingi miezi mingi kabla ya kushuti na wakati skripti bado inabadilika. Kisha waigizaji wanashutiwa mbele ya pazia la bluu au kijani, na kwa adui mrefu wanaonyeshwa mpira juu ya fimbo ili macho yatazame pale. Baada ya hapo kuna watu wa kukokotoa mwendo wa kamera ili kamera ya kompyuta iende sawasawa na ile halisi, wengine wanahuisha miili ya kidijitali, wengine wanaweka mwanga, na wa mwisho wanaunganisha tabaka zote ziwe picha moja.

Hitilafu inaingia hapa: siku ya kushuti, nyuma ya mwigizaji hakuna kitu. Haijaamuliwa kama ni machweo, ni moto au ni sayari nyingine. Kameramani akipiga mwanga mkali wa upande mmoja, na baadaye studio ikahamisha jua, shoti imeharibika. Kwa hiyo anapiga mwanga laini kutoka kila upande. Kivuli kinapotea usoni, kinapotea na chini ya miguu. Mtu asiye na kivuli chini ya miguu jicho linakataa kwamba ana kilo. Ndiyo maana Endgame ina shoti zaidi ya 2,000 zenye kazi ya kompyuta na bado hukumbuki hata moja ilikuwa saa ngapi ya mchana.

Mfano mmoja utosheleze. Zile nguo nyeupe za safari ya wakati kwenye Endgame zote zimechorwa. Hakuna mwigizaji aliyezivaa, maana mshono wake haukuwa umeamuliwa wakati wanashuti.

High Noon ilishutiwa na Floyd Crosby juani. Alikataa kuchuja ile mbingu iwe na mawingu ya kupendeza, ikaachwa nyeupe tupu inayochoma. Unaona joto.

#7 Kijiti cha Ganda

#6 hapo sawa, lakini hilo ni la bajeti na ratiba, si la aina ya filamu. Kwenye The Dark Knight (2008) lile lori linalopinduka kichwa chini ni lori halisi, limepinduliwa kweli mtaa wa LaSalle, Chicago, usiku. Kikosi cha Chris Corbould kiliweka bomba la chuma chini ya trela lenye pistoni ya gesi ya naitrojeni. Gesi ikafunguliwa, pistoni ikagonga lami, trela ikasimama wima na kulala upande wa pili. Dereva alikuwa ndani. Kabla ya hapo walijaribu mahali pa wazi kuona kama litaenda moja kwa moja au litakwenda upande, kwa sababu pale mtaani pembeni ni mabenki.

Lina uzito huo mnaoutaka, na ni supahiro.

#8 Shoti ya Pili

Kijiti, umetaja lori. Batman mwenyewe katika filamu hiyo ni mtu wa nyama anayeng'atwa na mbwa. Hilo linarudi kwa hoja ya kipimo.

#9 Mhariri Mstaafu

Naomba tuache visingizio vya zamani kuwa na utulivu. Kuna watu wanadhani kauboi ni shoti ndefu na supahiro ni mikato ya haraka. Si kweli. The Wild Bunch ya 1969, ya dairekta Peckinpah na mhariri wake Lou Lombardo, ni mikato mingi kuliko chochote kilichokuwa kinaonyeshwa wakati ule. Kamera kadhaa zilishuti tukio moja kwa kasi tofauti za fremu, halafu mezani mtu anayeanguka polepole akakatwa na anayekimbia kwa kasi ya kawaida, anarudishwa, anakatwa tena. Vifuko vya damu na baruti ndogo vilipasuliwa kwa wingi. Na bado unajua nani yuko wapi.

Kanuni ya digrii mia na themanini, yaani kamera ibaki upande mmoja wa mstari wa tukio, nayo haitoshi kueleza. Stagecoach ya 1939, ile mbio ya Waapache, Wazawa wa Marekani, wakikimbiza gari la farasi kwenye ziwa kavu: dairekta John Ford anauvuka mstari waziwazi. Gari linaelekea kulia, shoti inayofuata linaelekea kushoto. Mwanafunzi wa uhariri angefelishwa. Kwa nini hatupotei? Kwa sababu kuna kitu kimoja tu kinachokimbizwa, uwanda ni mweupe mtupu, na tumekaa na abiria wote ndani ya lile gari kwa zaidi ya saa nzima. Kila kichwa tunakijua: mjamzito alikaa wapi, daktari mlevi, mcheza kamari, benka mwizi. Ford ametupangia viti kwanza, vita baadaye.

Hapo ndipo masupahiro wengi wanakosea. Wanahamia mahali papya pa pambano dakika ya mwisho, mahali ambapo hatujawahi kuingia. Hatujui mlango uko wapi. Ukikata haraka mahali usipopajua, jicho linaacha kufuata na kusubiri mshindi atajwe.

Na pale ndipo Yakima Canutt alipofanya ile stanti yake. Anaruka kutoka farasi wake hadi farasi wa mbele wa gari, anapigwa risasi, anaanguka katikati ya farasi, anaburuzwa akiwa ameshika mti wa kuvutia gari, anaachia, farasi na gari zima vinapita juu yake. Gari linapopita juu yake kamera haikati. Baada ya kupita, anainuka kidogo ili uone ni mtu mzima, si mdoli.

#10 Silinda Sita

Mhariri Mstaafu, hilo la viti kwanza vita baadaye linaunga mkono hoja yangu ya hesabu.

#11 Mhariri Mstaafu

Linaipinga. Waapache kwenye ile mbio wako wangapi? Huwezi kusema, na haikusumbui.

#12 Nabii wa Wakanda

Mnafanya kosa moja kubwa wote. Mnachukua makauboi kumi bora wa miaka thelathini mnawapambanisha na kila supahiro aliyetoka juzi. Mbona hamtaji takataka? Studio kama Republic zilikuwa zinatoa picha za kauboi mfululizo, nyingi za saa moja hivi, steringi ni Gene Autry au Roy Rogers anaimba na gitaa. Zilishutiwa kwa wiki moja au mbili. Mbio zilezile, miamba ileile ya California, wakati mwingine mbio za filamu ya nyuma zikakatwa na kubandikwa kwenye mpya. Hizo zimesahaulika, ndiyo maana mnadhani zamani kulikuwa na dhahabu tupu.

La pili ni zito zaidi. Wazawa wa Marekani ndio waliokuwa lile jeshi la adui lisilohesabika, sawa na madubwana ya kutoka angani ya leo. Kwenye picha za Ford, Wanavajo wa Monument Valley walivalishwa kuwa Waapache, kesho yake Wakomanchi. The Searchers ya 1956 ni kazi kubwa, lakini kiongozi wa Wakomanchi, Scar, ameigizwa na Henry Brandon, mzaliwa wa Berlin. Na wanahistoria wengi wanakadiria kwamba karibu mmoja kati ya makauboi wanne wa kweli alikuwa mtu mweusi. Wako wapi kwenye hizo picha zenu?

Black Panther ya 2018 ilichukua Oscar tatu: mavazi, Ruth E. Carter, ubunifu wa mandhari, Hannah Beachler, na muziki, Ludwig Göransson, aliyekwenda Senegal kusafiri na mwanamuziki Baaba Maal kabla ya kuandika noti. Lupita Nyong'o yumo. Mapigano ya pale maporomokoni yana kila mnachodai: mahali pamoja, watu wawili, silaha zinazoonekana, kanuni zimetangazwa kabla, na nguvu za ajabu zimeondolewa kwa kinywaji. Mnalitaja pambano la Endgame kwa kuwa linawasaidia.

#13 Binti Majestic

Nabii, nakubaliana nawe kuhusu maporomoko. Ila pambano la mwisho la Black Panther hiyohiyo, kule kwenye reli za chini, lina ugonjwa alioueleza #6 kwa asilimia mia. Filamu moja ina dawa na ugonjwa.

Kuhusu weusi: Ford alitoa Sergeant Rutledge mwaka 1960, Woody Strode ndiye mhusika mkuu, askari wa farasi anayesingiziwa ubakaji na mauaji. Haitoshi, lakini ipo, na itafutwe.

#14 Noti ya Mwisho

Ajabu kwamba tumefika #14 hakuna aliyegusa muziki.

Kwa Once Upon a Time in the West (1968) mtunzi Ennio Morricone aliandika muziki mkuu kabla ya kushuti, na Leone akawa anaipiga pale lokesheni. Waigizaji wanatembea kwa mwendo wa muziki. Kamera inapanda kwa mwendo wa muziki. Kila mhusika ana sauti yake, na ile harmonika inafanya kazi ya skripti: inakwambia kuna deni la zamani kabla mtu hajafungua mdomo.

Kwa masupahiro kazi inakwenda kinyume. Mhariri anakata picha akiwa ameweka muziki wa muda, wa filamu nyingine. Dairekta anausikia miezi mitatu, anauzoea, halafu mtunzi anaajiriwa na kuambiwa alete kitu cha namna ileile. Matokeo yake muziki unafanana na uliofanana na mwingine. Jiimbie hapo ulipo muziki wa pambano la filamu tano za Marvel zilizotofautiana. Mmoja au miwili utaipata. Sasa jiimbie The Good, the Bad and the Ugly. Umeshaanza.

#15 Mlinda Kanuni

Mimi naona nadharia zenu zote zinasahau jambo la kanuni. Kuanzia 1934 mpaka 1968 studio za Hollywood zilifuata kanuni za maadili ambazo mhalifu lazima aadhibiwe. Mtazamaji wa High Noon alijua jambazi hatashinda, kama sisi tunavyojua Captain America hatashindwa. Kwa hiyo hofu haikuwa juu ya nani atakufa. Swali lilikuwa mshindi atabaki na nini. Kwenye High Noon anaitupa nyota yake ya kazi mavumbini na kuondoka. Kwenye Shane anapanda farasi, ameumia, mtoto anamwita. Kwenye The Searchers John Wayne anabaki nje ya mlango wakati wenzake wanaingia ndani. Ushindi unamtoa mjini.

Supahiro akishinda anabaki. Mkataba wake una filamu nyingine tatu. Hapo ndipo tofauti ilipo.

#16 Chenji Kamili

#15 umesema mkataba, mimi niende kwenye pesa kabisa.

A Fistful of Dollars (1964) ilitengenezwa kwa takriban dola laki mbili, nyanda za Almería, Hispania. Ilitumia Techniscope, mfumo wa Kitaliano ambao fremu moja inachukua matundu mawili ya filamu badala ya manne. Filamu ya milimita 35 kwa kawaida hula futi 90 kwa dakika. Kwa Techniscope ni 45. Reli ya futi 1,000 inayokupa dakika kumi na moja inakupa ishirini na mbili. Gharama ya filamu inakatika nusu, unapata skrini pana bila lenzi maalumu za gharama. Ubaya wake chembechembe zinaonekana zaidi, maana fremu ni ndogo. Leone akageuza udhaifu huo: akasogea karibu, uso ukajaa skrini, kila jasho na kila mkunjo. Zile nyuso kubwa mnazozipenda zimesaidiwa na lenzi za kawaida zinazoruhusu kusogea karibu.

Halafu akalipa. Ile hadithi ilikuwa Yojimbo, filamu ya Mjapani Kurosawa ya 1961, hakuomba ruhusa. Wajapani walishtaki, wakapata asilimia 15 ya mapato.

Endgame bajeti yake ilikuwa takriban dola milioni 356. Pesa hiyo lazima irudi kutoka nchi zote kwa wakati mmoja. Ngumi haihitaji manukuu. Maneno yanapunguzwa, ubomoaji unaongezwa, na hakuna mkuu wa studio atakayekubali filamu ya bei hiyo iishie kwa watu wawili wamesimama kimya.

#17 Nabii wa Wakanda

Endgame yenyewe saa nzima ya kwanza ni watu wanaomboleza na kuongea. Itazame tena, Chenji.

#18 Msee wa Arusha Road

Wakubwa, nisaidieni. Kuna ile picha ya John Wayne iliyoshutiwa huku kwetu Afrika Mashariki, wanakamata vifaru. Ni ya John Ford, sivyo? Naona ingefaa hapa, maana ni kauboi mtupu, ni farasi tu ndio wamekuwa magari.

Na tusisahau Kinshasa: miaka ya 1950 vijana wa mitaani walijiita Mabill, kutokana na Buffalo Bill wa kwenye picha, wakavaa kofia na skafu shingoni na kuunda msimbo wao wa kuongea. Sijaona mtaa uliogeuka hivyo kwa ajili ya supahiro.

#19 Kijiti cha Ganda

Msee, ni Hatari! ya 1962, na aliyeiongoza ni Howard Hawks. Ford alikuja Afrika Mashariki kwa Mogambo ya 1953, na hiyo ina Clark Gable. Hatari! ilishutiwa Tanganyika, upande wa Arusha na Momella. Ukamataji ule ni wa kweli. Wayne amekaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari, ana mti mrefu wenye kitanzi mwishoni, gari linakwenda sambamba na mnyama, kitanzi kinavishwa shingoni. Kifaru anapoligonga gari ubavuni, bati linabonyea kweli. Hawks alikuwa anashuti kwanza kukamata, halafu anaandika mazungumzo kufuatana na kilichotokea. Hardy Krüger, mmoja wa waigizaji, alipapenda Momella akanunua shamba pale na kuishi miaka mingi.

Umesema sawa kwamba ni kauboi. Kikundi cha wanaume wanaojua kazi yao, mgeni anajaribiwa, hatari inapimwa kwa kilo.

#20 Chenji Kamili

Turudi. Wanaosema masupahiro wanakufa kifo cha makauboi, tukubaliane makauboi walikufa na nini. Jibu rahisi ni Heaven's Gate, picha la kauboi la 1980: ilitumia dola milioni 44, ikarudisha takriban milioni 3.5, studio yake, United Artists, ikauzwa kwa MGM mwaka 1981.

#21 Mhariri Mstaafu

Chenji, huko ni kumlaumu aliyefika msibani. Ugonjwa ulianza runingani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kila usiku Mmarekani alikuwa na kauboi sebuleni bila tiketi. Gunsmoke peke yake ilikwenda kutoka 1955 mpaka 1975, vipindi 635. Baada ya hapo kwa nini alipe? Halafu vita vya Vietnam vikafanya ile hadithi ya askari wa farasi kuokoa kijiji isemeke kwa shida. Halafu 1974 Blazing Saddles ikazichekesha kanuni zote, na mtu akishakicheka kitu ni vigumu kukiogopa tena.

Weka sambamba: Marvel ilianza kujaza runinga ya mtandaoni mwaka 2021, ukawa huwezi kuelewa filamu bila kutazama mfululizo. The Marvels ya 2023 ikakusanya takriban dola milioni 206 duniani kote, chini kuliko zote za mfuatano huo. Dairekta Spielberg alisema mapema, 2015, kwamba masupahiro watakwenda njia ya makauboi.

#22 Nabii wa Wakanda

Na mwaka uliofuata, 2024, Deadpool & Wolverine ikapita dola bilioni 1.3. Filamu ya kuwachekesha masupahiro hao hao. Kwa nadharia yako kicheko kingeua.

#23 Mhariri Mstaafu

Blazing Saddles nayo ilikusanya pesa nyingi sana. Waliokuja baada yake ndio walioumia.

#24 Binti Majestic

Hakuna aliyetaja Logan (2017)? James Mangold alikuwa ameshatengeneza 3:10 to Yuma mwaka 2007, kauboi kamili. Kwenye Logan akaiweka Shane yenyewe ndani ya runinga ya chumba cha hoteli, mtoto anaitazama, na mwishoni anayasema maneno yake kaburini. Makucha ya steringi hayatoki yote, majeraha hayaponi haraka, anavaa miwani kusoma. Ilitumia takriban dola milioni 97, ikapata zaidi ya milioni 600. Nadharia ya #1, ya #5 na ya #15 zote zimo mle, na sijui mtazigawanaje.

#25 Silinda Sita

Yangu ndiyo imo zaidi! Mangold amemrudishia kipimo.

#26 Mlinda Kanuni

Imo yangu. Anakufa. Kipimo bila bei ni takwimu.

#27 Pazia la Kijani

Imo yangu. Limeshutiwa jua la kweli na vumbi la kweli.

#28 Fremu 24

Kabla hamjaendelea kulinganisha, wekeni runinga zenu sawa, maana nusu ya mnachokilalamikia kinatoka kwenye mipangilio.

Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua hali ya filamu au sinema. Zima kile kinacholainisha mwendo. Kila kampuni inakiita jina lake, kazi yake ni kubuni fremu za uongo kati ya zile 24. Kikiwashwa, ile stanti ya Canutt inaonekana kama mazoezi ya video ya harusi, na michoro ya kompyuta inazidi kuwa miepesi. Shusha ukali wa picha karibu na sifuri, vinginevyo chembechembe za Techniscope zinageuka mchanga unaochemka.

La muhimu kuliko yote: usikuze picha kuondoa mistari myeusi ya juu na chini. Leone ni 2.35 kwa 1. Ukiikuza ijaze skrini ya kawaida ya 16 kwa 9 umekata karibu robo ya upana, na Leone anaweka watu pembezoni. Utabaki na uwanja mtupu na sauti ya upepo. High Noon ni kinyume chake, fremu yake ni karibu mraba, mistari inakuwa kushoto na kulia. Usiivute, Gary Cooper atanenepa.

Na mchunguze The Avengers ya 2012: ni 1.85 kwa 1, ndefu zaidi kwenda juu, kwa sababu walitaka Hulk na mtu wa kawaida waenee kwenye shoti moja. Fremu inafuata mwili wa mhusika. Kauboi alikuwa na uwanda, fremu ikapanuka.

#29 Ngoja Waje

Asante Fremu 24, nimezima sasa hivi. Swali: zile sini za usiku za kauboi wa zamani mbona watu wana vivuli vikali kama mchana?

#30 Fremu 24

Kwa sababu ni mchana. Filamu za wakati ule hazikuwa na wepesi wa kushuti uwandani kwa mbalamwezi, na taa za kuangaza bonde zima hazikuwepo. Unapunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi kama hatua mbili. Kwa filamu ya rangi unaongeza kichujio cha bluu. Kwa nyeusi na nyeupe unaweka chekundu, maana chekundu kinaizamisha bluu ya mbingu ikawa karibu nyeusi. Jua unaliweka nyuma ya mwigizaji, linachora ukingo wa kofia na mabega, linasimama badala ya mwezi. Mbingu unaikwepa unavyoweza. Kikiharibika utaona mawingu yanang'aa, au dirisha la nyumba lenye taa linaonekana jeusi kuliko ukuta, kwa sababu taa ya ndani imeshindwa na jua.

#31 Pazia la Kijani

Na ona: pale kivuli kikali kipo, usiku wa uongo, na bado mtu ana kilo zake. Masupahiro usiku wanafichwa gizani na mvua ili michoro isichunguzwe, wewe hapo runingani kwako huoni kitu.

#32 Kijiti cha Ganda

Pazia, gizani kulifichwa mengi hata kwa makauboi, pamoja na waya za kuangushia farasi. Farasi alifungwa waya miguuni, akifika mwisho wa waya anapinduka. Wengi walivunjika. Baada ya Jesse James ya 1939, farasi aliporushwa jabalini akafa, ndipo wasimamizi wa wanyama walipoanza kuingia lokesheni kuanzia 1940. Farasi wa kompyuta havunjiki shingo, na hilo mimi nalihesabu upande wa masupahiro.

#33 Silinda Sita

Hapo sina pingamizi. Ila nani atanijibu kuhusu Rio Bravo? Hawks aliitengeneza 1959 kwa sababu hakuipenda High Noon, dakika 141, mlinzi wa sheria hataki msaada wa asiyejua kazi. Wabaya ni wengi na wanaongezeka, hakuna saa ya ukutani, dakika za mwanzo hakuna anayesema neno, na bado wasiwasi haukatiki. Mhariri Mstaafu, usiniambie ni viti.

#34 Mhariri Mstaafu

Ni jela. Mtaa mmoja, jela upande huu, hoteli ule, baa katikati. Wanaitembea njia hiyo mchana na usiku mpaka ukifumba macho unaweza kuichora.